Je, wajua kwa nini mshipa uliovimba kichwani hutibiwa kupitia pajani?

Karibu na soko la Kalerwe, Kampala, kuna fundi wa pancha anayenitengenezea pikipiki. Juzi tairi la nyuma lilikuwa limechanika ubavuni, tyubu imetokeza kama yai. Fundi hakuligusa lile yai. Alitoa upepo, akafungua tairi, akakata kipande cha tairi kuukuu na kukilaza kwa ndani penye mpasuko, kisha akajaza upepo tena. Yai likapotea.

"Ukiziba kwa nje, ssebo, upepo utakibandua kiraka," akaniambia. "Ukiweka kwa ndani, upepo wenyewe unakishikilia."

Madaktari wa mishipa ya ubongo walifika hapohapo, ila iliwachukua miaka mingi.

Weka vidole viwili shingoni, chini ya taya. Kinachodunda hapo ni ateri ya karotidi. Tawi lake la ndani hupanda, likapenya kwenye mfereji ulio ndani ya mfupa wa fuvu, kisha likajipinda kama herufi S nyuma ya jicho, likisongamana na neva zinazogeuza jicho. Ukuta wake ukidhoofu mahali, damu huusukuma hadi utokeze kifuko. Hiyo ndiyo aneurizimu. Kikizidi milimita 10 kinahesabiwa kikubwa. Kikizidi 25, huitwa jitu.

Kifuko cha namna hiyo huanza kubana majirani: kope inaanguka, mtu anaona boda mbili palipo na moja, upande mmoja wa uso unauma. Wengine hukimbilia kununua miwani. Kikiwa juu kidogo, ndani ya utando wa ubongo, hatari kubwa ni kupasuka na kumwaga damu kuuzunguka ubongo.

Kukifikia kwa kisu ni kazi ngumu, maana mfupa umekizingira na neva zimejazana pale. Zamani mpasuaji aliweza kuufunga mshipa mzima shingoni. Astley Cooper wa London alijaribu mwaka 1805 kwa mgonjwa mwenye uvimbe wa karotidi, akampoteza. Mwaka 1808 akafaulu kwa mwingine. Lakini kuufunga mshipa kunategemea mishipa mingine iweze kuulisha ubongo, na si kila mtu anayo ya kutosha.

Njia ya ndani tayari ipo: ni damu yenyewe. Daktari hutoboa ateri ya kinenani, pale paja linapoanzia, siku hizi hata ya kifundo cha mkono, akapitisha mrija mwembamba hadi kifuani, shingoni, mpaka ndani ya fuvu, huku akiufuata kwenye skrini ya eksirei. Mwaka 1990 Guido Guglielmi na wenzake huko Los Angeles walianza kujaza vifuko kwa nyuzi za platini zinazojikunja. Kwa kifuko kidogo chenye mdomo mwembamba, ni sawa. Kwa kikubwa chenye mdomo mpana, nyuzi huponyoka au hushindiliwa na damu, nafasi ikafunguka upya.

Ndipo likaja wazo la fundi wangu: acha kifuko, tengeneza mshipa. Neli ya wavu laini wa metali hufunguliwa ndani ya karotidi, ikapita mbele ya mdomo wa kifuko. Matundu yake ni madogo kiasi cha kupunguza damu inayoingia kifukoni, ila matawi madogo ya pembeni, kama lile la jicho, kwa kawaida huendelea kupata damu. Marekani iliidhinisha kifaa hicho mwaka 2011. Katika utafiti uliotangulia idhini hiyo, karibu robo tatu ya vifuko vilikuwa vimeziba kabisa baada ya miezi 6. Haikuwa bure: wagonjwa 6 kati ya 107 walipata kiharusi kikubwa au walifariki.

Kinachonishangaza zaidi ni dawa. Mgonjwa hupewa aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande, ilhali tunataka damu igande kifukoni! Sababu ni kwamba wavu ni chuma kigeni, na chembe sahani, zile chembe za damu zinazoanza kuigandisha, zikiung'ang'ania, mshipa wote utaziba. Kifukoni damu imetulia kama maji ya dimbwi, kwa hiyo itaganda tu hata dawa zikiwapo. Polepole utando wa mshipa huota juu ya wavu na kufunga mlango. Fundi wa Kalerwe alimaliza kwa dakika ishirini. Kwa mgonjwa wa kifuko, kope iliyoanguka huenda ikachukua miezi kuinuka.