Muziki kwenye tovuti ya mliosoma pamoja: mwacheni msomaji abonyeze mwenyewe

Tabora ni mji wa shule. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisoma sekondari hapa, na kabla yake na baada yake wamepita maelfu, wakashuka stesheni na masanduku yao ya bati, wakakaa miaka minne au sita, kisha wakatawanyika nchi nzima. Sasa wanatafutana. Huanza na grupu la WhatsApp, likajaa, wakaunda kamati, halafu kamati inakuja kwangu kutaka tovuti: picha za zamani, orodha ya majina, taarifa za michango, tarehe ya kukutana. Kazi hii naipenda kuliko zote ninazofanya. Na karibu kila kamati, picha zikishakaa vizuri, kuna mmoja atasema: "Fundi, sasa tuwekee na muziki. Mtu akifungua tu, upige."

Muziki sina ugomvi nao. Shida yangu ni hilo "akifungua tu".

Miaka michache iliyopita niliwatengenezea tovuti wazee waliomaliza sekondari mwishoni mwa miaka ya 1970. Waliomba dansi la ujana wao, nikalitafuta, nikaliweka. Brauza za siku hizi, yaani programu za kufungulia tovuti, haziruhusu sauti ianze yenyewe ukurasa unapofunguka, kwa hiyo nilitumia njia ambayo mafundi wengi tunaijua: nikauamuru ukurasa usubiri mtu aguse kitu chochote kwa mara ya kwanza, jina, picha au kitufe, kisha muziki uanze. Kamati ilifurahi sana.

Baada ya miezi kama mitatu mwenzao mmoja alifariki. Katibu akaandika taarifa ya msiba kwenye tovuti, pamoja na saa ya mazishi. Mama mmoja wa darasa hilo alikuwa ameshafika msibani, amekaa mkekani na wanawake wenzake, akatoa simu kuhakikisha saa. Akagusa jina la marehemu ili afungue taarifa. Magitaa yakalia. Hakujua sauti inatoka wapi wala inazimwaje, akaifunika simu kwa kanga na kuikandamiza mapajani mpaka wimbo ulipokatika. Jioni alinipigia. Hakugomba. Alisema, "Mwanangu, leo nimeona haya mbele za watu," akanyamaza. Usiku huohuo niliuondoa ule muziki, na tangu siku hiyo sijaweka tena sauti inayoanza bila kuombwa.

Watengenezaji wa brauza nao walishafika huko. Zamani, enzi za brauza ya Internet Explorer, ilitosha mstari mmoja wa kodi, yaani maandishi ya kuiamuru kompyuta, na kompyuta ikaanza kupiga wimbo mtu akiwa hajasoma hata neno. Ikazidi, hasa matangazo ya video yenye kelele. Brauza ya Safari, ile ya iPhone, ikaanza kuzuia mwaka 2017, Chrome ikafuata Aprili 2018, Firefox Machi 2019. Mtu anapokuletea faili la wimbo na kulalamika kuwa "kwangu haupigi", mara nyingi faili halina kosa lolote. Brauza inasubiri idhini ya mwenye simu. Mimi sasa naiheshimu idhini hiyo badala ya kuizunguka.

Kuna pia miongozo ya kimataifa ya kuwafikia watu wenye ulemavu, ambayo inasema sauti ikijipiga yenyewe kwa zaidi ya sekunde 3, lazima kuwe na njia ya kuisimamisha au kuipunguza. Sababu yake ni nzito. Katika darasa la watu wa miaka sitini na kitu, hutakosa mmoja ambaye macho yamemwacha na simu ndiyo inamsomea maandishi kwa sauti. Ukimwekea muziki juu ya sauti hiyo, umemfungia nje ya mkutano wa wenzake.

Halafu kuna bando. Faili la MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 1 kwa kila dakika. Nyimbo za dansi ni ndefu, na wimbo wa dakika 7 unakaribia MB 7. Mzee aliyeko Urambo au Sikonge, aliyejiunga bando dogo ili aone picha tu, kwa nini umtoze MB 7 ambazo hakuziomba? Tena brauza nyingine huanza kulivuta faili hata kabla mtu hajabonyeza. Dawa ipo na ni nyepesi: ndani ya kodi ya ukurasa, kwenye lebo ya audio inayouita wimbo, sehemu ya preload andika none ili faili lisivutwe mapema, na usisahau neno controls ili kitufe cha kupiga na kusimamisha kionekane. Punguza faili liwe la mono, yaani mkondo mmoja wa sauti badala ya miwili, la kilobiti 64. Ukubwa unashuka nusu, na kwa kipaza sauti cha simu hakuna atakayesikia tofauti, hasa kwa rekodi ya zamani.

Jambo moja lilinisumbua wiki nzima kabla sijalielewa. Unaweza kuamuru kwa kodi kwamba muziki upigwe kwa sauti ndogo, tuseme asilimia 30, na kwenye kompyuta na simu za Android ukatii. Kwenye iPhone hautii, kwa sababu huko kiwango cha sauti ni mali ya vitufe vya simu yenyewe. Kwa hiyo nashusha sauti ndani ya faili kabla ya kulipakia. Natumia Audacity, programu ya kuhariri sauti, ambayo ni ya bure. Humohumo naufanya mwanzo upande taratibu na mwisho ufifie, usimshtue mtu mwenye spika za masikioni.

Pia, wimbo hauhami na msomaji. Akitoka ukurasa wa picha kwenda wa majina, ukurasa mpya unaanza upya na muziki unakatika. Kuna namna za kuuendeleza, lakini zinaongeza ugumu wa tovuti bila faida ya kutosha. Kwa maoni yangu muziki una mahali pamoja tu, nao ni albamu ya picha. Pale mtu hukaa. Anaangalia sura moja moja, anajaribu kukumbuka majina, na sauti inamsaidia kukumbuka. Kwenye ukurasa wa michango hakuna anayekaa. Na ukurasa wa waliotangulia mbele ya haki, huo naomba kila fundi auache kimya.

Sasa, upigwe wimbo gani? Hapa ndipo kamati nyingi hukwama. Wazee wa Tabora watakutajia Kiko Kids, Nyanyembe Jazz, Tabora Jazz, na macho yao hung'aa wakitaja. Ni haki yao kujivunia. Lakini kuwa na wimbo kwenye flashi hakukupi ruhusa ya kuuweka hadharani. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na inailinda kazi katika uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwanamuziki aliyefariki juzi, watoto wake bado wana haki. Tena mtunzi ni mmoja, waliopiga ni wengine, aliyerekodi ni mwingine, na kila mmoja ana sehemu yake. Anayetaka wimbo wa bendi aende COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, aulizie namna ya kupata kibali. Kama kamati haina muda huo, weka kiungo kinachompeleka msomaji mahali ambapo wenye haki wameupandisha wenyewe.

Mimi nawashauri kitu kingine kabisa: rekodini sauti zenu.

Wale wazee wa msiba tulianza nao upya. Siku waliyokutana, niliwaomba tupite shuleni kwao asubuhi. Kengele ilikuwa bado ipo, kipande cha reli kilichofungwa kwa waya kwenye tawi la mwembe, na chuma cha kugongea kimechomekwa mahali matawi yanapoachana. Kati yao alikuwepo aliyekuwa taimukipa. Alikichukua kile chuma bila kuambiwa kilipo, akagonga kama alivyokuwa akigonga wakati wa kwenda mstarini: mapigo ya haraka, kisha matatu yaliyoachana. Simu niliishika hatua tatu kutoka kwenye reli. Nilipojaribu nikiwa karibu zaidi sauti ilipasuka. Upepo nao ulikuwa unaingia kwenye maiki, nikaifunga simu kwa leso nyepesi, ukapungua.

Baada ya hapo wakaimba wimbo wa mchakamchaka. Kiongozi anaita, wengine wanaitikia, miguu inapiga papo hapo bila kwenda mbele. Walikuwa kumi na mmoja. Tulirekodi mara tatu, na ya tatu ndiyo ilikuwa safi. Niliyoweka ni ya kwanza, kwa sababu ndiyo yenye yule mama anayechelewa kuitikia, anacheka, kisha anawadaka wenzake kwa sauti ya juu kabisa. Ndiye yuleyule wa mkekani.

Kengele na wimbo pamoja ni dakika 1 na sekunde 20. Kwa mono ya kilobiti 64 ni kama KB 640, ndogo kuliko picha nyingi zinazotoka kwenye kamera ya simu. Juu ya albamu niliweka kitufe, na badala ya alama peke yake niliandika maneno: "Sikiliza kengele ya shule, KB 640". Mtu anajua anachobonyeza, na anajua kitamgharimu nini.

Ukitaka kurekodi hivyo kwa darasa lako, usinitumie kama sauti ya WhatsApp, ile ya kubonyeza maiki na kuongea. Ile inabanwa mno, na mlio wa chuma unatoka kama sufuria. Rekodi kwa programu ya kurekodi iliyomo kwenye simu, kisha litume faili lenyewe kama dokumenti. Na uache sekunde tano za ukimya kabla hawajaanza, nipate pa kukatia.