Maumivu ya Mgongo Yasiyokwisha: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Maumivu yanayodumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi 3 huitwa maumivu sugu. Maumivu ya kiuno na mgongo wa chini, ya muda mfupi na sugu kwa pamoja, ndiyo yanayowalemaza watu wengi zaidi duniani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa nayo, na kwamba ifikapo mwaka 2050 watafikia milioni 843. Mkulima wa jembe la mkono, mwendesha bodaboda, mama anayechota maji na karani anayeshinda kitini wote wamo. Wengi wanaopatwa na maumivu ya mgongo hupata nafuu ndani ya wiki chache bila matibabu makubwa. Makala hii inawahusu wale ambao hawakupata nafuu hiyo, na ambao juu ya maumivu yenyewe wamebebeshwa maelezo yasiyo sahihi kuhusu miili yao. Maelezo hayo si jambo dogo, kwa kuwa ndiyo yanayomfanya mtu aache shamba, aogope kumbeba mtoto wake na aswali ameketi wakati bado angeweza kurukuu na kusujudu.

Dhana: Kadiri panavyouma, ndivyo palivyoharibika.

Hii ndiyo dhana mama, na nyingine karibu zote zimezaliwa nayo. Ukweli ni kwamba maumivu hutengenezwa na mfumo wa fahamu, yaani neva, uti wa mgongo na ubongo, kwa lengo la kuulinda mwili. Mfumo huo hupima hatari kwa jumla: habari zinazotoka kwenye misuli na maungio, lakini pia hofu, uchovu, kukosa usingizi na yale ambayo mtu ameshaambiwa kuhusu hali yake. Mwaka 1995 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilieleza habari za fundi ujenzi wa miaka 29 aliyerukia msumari wa sentimita 15 ukapenya buti lake. Maumivu yalikuwa makali hata akapewa dawa za kutuliza kwa sindano, lakini buti lilipovuliwa ilionekana kwamba msumari ulipita katikati ya vidole bila kumjeruhi. Kwa upande mwingine, daktari Mmarekani Henry Beecher aliandika mwaka 1946 kuhusu askari wa Vita Kuu ya Pili waliokuwa na majeraha mabaya, na ambao wengi wao hawakuhitaji dawa ya maumivu walipoulizwa. Hakuna aliyekuwa anaigiza, si fundi wala askari.

Maumivu yakidumu, mfumo wenyewe hubadilika. Mwaka 1983 mtafiti Clifford Woolf alionyesha kwamba neva za uti wa mgongo zinaweza kuongeza usikivu wake, kiasi kwamba mguso mdogo au mwendo wa kawaida huanza kuuma. Ni kama mlinzi wa usiku aliyewahi kuvamiwa, ambaye sasa hupiga filimbi hata paka akipita uani. Msuli au kano iliyoumia inaweza kuwa imepona zamani, na maumivu yakaendelea kwa sababu ya usikivu huo.

Hapa wagonjwa wengi huumia mara ya pili, kwa sababu wakisikia neno ubongo hudhani wanaambiwa kwamba wanadeka au wanajisingizia. Sivyo hata kidogo. Maumivu hayo ni halisi, na katika orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022 maumivu sugu yamepewa nafasi yake kama tatizo la afya linalojitegemea. Mhudumu wa afya anayemwambia mgonjwa kwamba hana kitu kwa sababu vipimo ni safi anamkosea.

Dhana: Picha imeonyesha pingili zimesagika, kwa hiyo mgongo umekwisha.

Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Dalili za kuchakaa kwa diski, yaani mito laini iliyo katikati ya pingili za mgongo, zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, asilimia 80 ya wenye miaka 50, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Diski iliyotokeza nje kidogo ilionekana kwa asilimia 30 ya vijana wa miaka 20. Watu hawa wote walikuwa wanaishi bila maumivu ya mgongo. Mengi yanayoandikwa kwenye ripoti ya picha ni mabadiliko ya umri, kama mvi zilivyo, na mtu anayelipa fedha nyingi kwa kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, kisha akasomewa ripoti bila kuelezwa jambo hili hurudi nyumbani na hofu kubwa kuliko aliyokwenda nayo.

Kupiga picha kuna mahali pake, na pasipuuzwe. Anayeshindwa ghafla kuzuia mkojo au haja kubwa, au kushindwa kukojoa, anayekufa ganzi sehemu za siri na makalio, au ambaye miguu yake inazidi kuishiwa nguvu, anatakiwa afike hospitali siku hiyohiyo. Maumivu yanayoambatana na homa, jasho la usiku, kupungua uzito, historia ya saratani au ajali kubwa nayo yachunguzwe mapema. Kwetu Afrika Mashariki ni lazima kuongeza kifua kikuu cha mgongo, ambacho huweza kula pingili bila hata kikohozi, pamoja na brusela kwa wanaofuga na wanaokunywa maziwa mabichi. Magonjwa haya yana dawa zake, na mazoezi hayawezi kuwa mbadala wa dawa hizo.

Dhana: Kiuno kikiuma, ni figo.

Figo zimekaa juu ya kiuno, nyuma, chini ya mbavu za mwisho. Zikiuma kwa sababu ya jiwe au maambukizi, maumivu huwa zaidi ubavuni, mara nyingi upande mmoja, na huandamana na homa, kichefuchefu, damu kwenye mkojo au kuungua wakati wa kukojoa. Ugonjwa sugu wa figo kwa kawaida huendelea kimya bila maumivu, na hugunduliwa kwa kupima damu, mkojo na shinikizo la damu. Linalonisikitisha ni kwamba mtu anayehofia figo zake ndiye huyohuyo anayenunua dawa ya maumivu ya diklofenaki dukani mwezi baada ya mwezi, ilhali dawa za kundi hilo zikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi zinaweza kuziharibu figo, kuleta vidonda vya tumbo na kupandisha shinikizo la damu.

Dhana: Dawa ya mgongo ni kulala na kufunga mkanda.

Siku moja au mbili za kupunguza kazi maumivu yanapokuwa makali hazina ubaya. Wiki za kitandani hudhoofisha misuli, hukakamaza maungio na kuuthibitishia ubongo kwamba mgongo ni kitu cha kuogopwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini haupendekezi mikanda wala kuvutwa mgongo kwa vyuma kama tiba ya kawaida, na unatanguliza elimu na mazoezi. Elimu inaweza kubadili hata tabia ya umma mzima: katika jimbo la Victoria, Australia, kampeni ya televisheni iliyoanza mwaka 1997 iliwahimiza watu waendelee na shughuli zao, na madai ya fidia kwa ajili ya mgongo yakapungua.

Dhana: Mazoezi yatazidi kuniumiza.

Mapitio ya mwaka 2021 yaliyojumuisha majaribio 249 yaligundua kwamba waliofanya mazoezi walikuwa na maumivu pungufu kwa takriban alama 15 katika kipimo cha 100, wakilinganishwa na ambao hawakutibiwa au walipata huduma ya kawaida tu. Si muujiza, na anayeahidi muujiza asiaminiwe. Lakini nafuu hiyo inaweza kumsaidia mtu kurudi kazini.

Kinachowaangusha wengi ni kipimo, yaani kiasi cha kazi au mazoezi. Siku maumivu yakipungua, mtu hufua nguo zote za wiki au hulima shamba zima, kisha hulala siku tatu na kuapa kwamba hatainama tena. Njia bora ni kujua kwanza kiasi unachokimudu. Kama kutembea dakika 10 ndiko kunakoamsha maumivu, anza na dakika 7 au 8, kila siku, iwe siku nzuri au mbaya, na uongeze dakika moja au mbili kila wiki. Maumivu kupanda kidogo wakati wa zoezi si dalili ya kuharibika. Yakirudi katika hali yake ya kawaida ndani ya saa 24, kipimo kinafaa, na yakikaa zaidi ya hapo, punguza bila kuacha. Hakuna aina moja inayofaa kila mtu. Kutembea, kuinuka na kukaa kwenye kiti mara kadhaa, au kuinua dumu lenye maji kidogo kisha kuongeza, vyote vinafaa, na hakuna kinachohitaji jimu.

Dhana: Fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, ni kukandwa na kuwekewa mashine.

Kukandwa kunaweza kuleta nafuu ya muda, na mwongozo nilioutaja unaruhusu. Mashine za umeme na za mawimbi ya sauti haukuzipendekeza kwa hali hii. Kazi kubwa ya mtaalamu ni kuchunguza, kueleza, kupanga mazoezi yanayoelekea kwenye jambo analolitaka mgonjwa mwenyewe, na kuyabadilisha kadiri anavyoendelea. Mgonjwa anayelala kitandani kila kliniki na kuondoka bila kufundishwa kitu ana haki ya kuuliza afanye nini nyumbani.

Dhana: Maumivu yakirudi, matibabu yameshindwa.

Kurudi ni sehemu ya hali hii. Jaribio lililochapishwa mwaka 2024 nchini Australia lilihusisha watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya mgongo karibuni. Waliopewa mpango wa kutembea hadi dakika 30, mara 5 kwa wiki, pamoja na elimu na usimamizi wa mtaalamu wa fiziotherapia, nusu yao walikaa angalau siku 208 kabla ya maumivu kurudi; kwa wasiopewa mpango huo zilikuwa siku 112. Yakirudi, mtu ashuke hadi nusu ya kipimo chake kwa siku mbili tatu, alinde usingizi, aendelee na kazi nyepesi, kisha apande tena taratibu. Mpango wa siku hizo huandikwa mapema, pamoja na mtaalamu, mgonjwa akiwa katika hali nzuri, kwa sababu maumivu yakishapanda ni vigumu kuamua kwa utulivu.