Mdororo si kupanda kwa bei

Juzi kwenye daladala abiria mmoja alikuwa analalamikia bei ya mafuta ya kula. Akamalizia hivi: "Ndiyo mdororo wenyewe huu, kama ule wa Wamarekani wa 1929." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nimeshalisikia neno hili likitumika hivyo redioni, vikaoni, hata kwenye insha za wanafunzi, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Mdororo wa uchumi ni hali ya shughuli za uchumi wa nchi kupungua na kubaki chini kwa muda: viwanda vinazalisha kidogo, ajira zinapotea, mauzo yanashuka, mikopo haipatikani. Ule wa Marekani ulioanza 1929 ulikuwa mzito na mrefu kiasi kwamba ukapewa jina la Mdororo Mkuu. Kufikia 1933, takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Maana ni hiyo tu.

Bei kupanda kila kukicha ni jambo jingine, nalo lina jina lake: mfumuko wa bei. Tena maneno yetu haya mawili yanajieleza yenyewe. Mfumuko unatokana na kufumuka, na kufumuka ni kinyume cha kufuma. Sweta ikishaanza kufumuka, uzi mmoja unavuta mwingine mpaka huna pa kushika. Ndivyo bei zinavyokwenda: nauli inapanda, unga unafuata, kodi ya nyumba inafuata. Kudorora hakuna mwendo huo hata kidogo. Mechi ikidorora, wachezaji wapo, mpira upo, ila hakuna anayekimbia. Biashara ikidorora, duka liko wazi na muuza duka anasinzia. Liko neno la sokoni linalokaa karibu sana na hali hii: kudoda. Mzigo umedoda, yaani umeletwa, umepangwa, na hakuna mnunuzi. Marekani ya miaka ile ilikuwa nchi nzima iliyododewa na mzigo.

Ndiyo maana mfano wa 1929 unaniuma unapotumiwa kueleza bei ya juu. Kati ya 1929 na 1933 bei Marekani zilishuka, na kwa jumla bei za matumizi ya kawaida zilipungua kwa takriban robo. Mtu anaweza kusema, basi si neema hiyo? Twende kwa mkulima wa ngano wa jimbo la Kansas. Mwaka 1929 busheli moja, ambayo ni kama kilo 27, aliiuza kwa dola moja na kidogo. Tuseme alikuwa na deni benki la dola 1,000. Ili alilipe alihitaji karibu busheli 1,000, yaani tani 27 za ngano. Mwaka 1932 busheli ileile ilikuwa chini ya senti 40. Deni halikushuka hata senti moja. Limeandikwa dola 1,000 na litabaki dola 1,000. Sasa anahitaji zaidi ya busheli 2,500, kama tani 68, kutoka shamba lilelile na kwa mikono ileile. Hapo hajaweka mbegu, hajanunua kiatu cha mtoto.

Akishindwa, benki inachukua shamba. Na wanaoshindwa wakiwa wengi, benki nayo inaanguka, kwa kuwa mashamba hayo hayana wa kuyanunua. Kati ya 1930 na 1933 zilianguka benki kama 9,000, na akiba za watu zikaenda nazo. Katika jimbo la Iowa kulikuwa na wakulima waliochoma mahindi kwenye majiko yao kwa sababu yalikuwa rahisi kuliko makaa ya mawe. Wengine mwaka 1932 walizuia malori ya maziwa barabarani na kuyamwaga, wakitafuta bei ipande. Na mijini watu walipanga foleni kupewa supu. Chakula kilikuwepo tele. Mwenye pesa ya kukinunua ndiye aliyekosekana.

Kama bado kuna shaka, tazama serikali ya Rais Franklin Roosevelt wa Marekani ilifanya nini ilipoingia 1933. Iliwalipa wakulima waing'oe pamba iliyokwisha kuota, ekari kama milioni 10. Ilinunua nguruwe wachanga wapatao milioni 6 na kuwachinja kabla hawajakua. Mapema 1934 ikapandisha bei ya wakia ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Shabaha mojawapo ya yote hayo ilikuwa kuzipandisha bei. Serikali inayougua mfumuko haifanyi hivyo.

Nadhani mchanganyiko huu umeletwa na picha. Wengi tumeona zile picha za watu wenye mabunda ya noti zisizonunua kitu, tukaziweka kwenye fungu moja na 1929. Zile ni za Ujerumani ya 1923, na ule ulikuwa mfumuko wa kutisha: mwezi Novemba mwaka huo dola moja ilibadilishwa kwa mark, pesa ya Ujerumani, trilioni 4.2. Nchi nyingine, mwaka mwingine, ugonjwa mwingine.

Kosa la pili ni dogo lakini lipo: kudhani mdororo ni lile anguko la soko la hisa la New York la Oktoba 1929. Anguko ni tukio la siku chache, mdororo ulikuwa wa miaka. Wamarekani wenyewe zamani waliiita misukosuko yao ya uchumi taharuki (kwa Kiingereza, panic): ya 1837, ya 1873, ya 1893, ya 1907. Jina hilo liliwafaa, maana taharuki na haraka vimetoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, wa kutikisika na kwenda, na kilichoonekana kwanza kilikuwa watu kukimbilia benki kutoa pesa zao. Hata ile ya 1893 iliacha miaka ya ukosefu wa kazi, na miaka hiyo iliwapa nguvu wanasiasa waliodai kwamba viwanda vinatengeneza kuliko nchi inavyoweza kununua, hivyo yatafutwe masoko ng'ambo. Mwaka 1898 Marekani ikaichukua Puerto Rico, Guam na Ufilipino. Taharuki hupita. Kinachobaki baada yake, kile cha kukaa bila kazi mwaka hadi mwaka, ndicho mdororo.

Ni kweli mambo haya mawili yanaweza kukutana, kama yalivyokutana Marekani miaka ya 1970, bei juu na ajira chini. Hata hapo ni mawili.

Ndugu yangu wa daladala ana haki ya kulalamika, mafuta yamepanda kweli. Ila anachokiona ni mfumuko. Siku atakapopita dukani akute mafuta yameshuka hadi nusu, rafu zimejaa, mwenye duka anamsihi aingie, naye mfukoni hana hata hiyo nusu kwa sababu kazini kwao wamefunga geti, hapo aseme mdororo, nami nitamuitikia.