Kanzu Nyeupe na Anga ya Magharibi: Dhana Potofu Kuhusu Fremu za Flati

Anayepandisha darubini na kamera juu ya paa la nyumba Kongowea au Likoni, Mombasa, hupambana na vumbi, chumvi ya bahari na unyevu usiokatika, na vyote huacha alama kwenye vioo. Fremu za flati, yaani picha za uso unaong'aa sawasawa kila mahali, ndizo zinazofuta vivuli vya vumbi hilo pamoja na giza la pembeni linaloletwa na lenzi yenyewe. Inasikitisha kuona wapiga picha wa nyota wakiziacha kwa sababu ya mambo waliyoyasikia tu.

Wengi huamini kwamba flati nzuri hazipatikani bila paneli maalumu ya kununua. Chukua kipande cha kanzu nyeupe iliyochakaa, kikunje mara mbili, kivute juu ya mdomo wa darubini mpaka makunyanzi yaishe, kisha kifunge kwa mpira. Hofu kwamba nyuzi zitaonekana haina msingi, kwa kuwa fokasi ya darubini, yaani umbali ambapo vitu huonekana vikali, imewekwa kwenye nyota, na kitambaa kilicho mdomoni pake kiko nje kabisa ya fokasi. Kinachodhuru ni mwanga unaotoka upande mmoja, kama taa ya jirani inayopiga ubavuni.

Mwanga bora wa kupitisha kwenye kitambaa hicho ni wa anga jua likishatua, lakini hapa ndipo maelekezo yaliyoandikwa Ulaya yanapotupotosha kwa kudai kwamba kuna muda wa kutosha. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, jua huzama karibu wima, na mwangaza mzuri wa machweo hudumu takriban dakika 20 tu. Adhana ya magharibi ikisikika, kamera iwe tayari imeshafungwa na fokasi imeshawekwa, na muda wa kila picha urefushwe kadiri anga inavyofifia, ili kilele cha histogramu, yaani mchoro wa kamera unaoonyesha kiasi cha mwanga, kibaki kati ya theluthi na nusu ya upana wake. Wanaodhani kwamba flati ikiwa na mwanga mwingi zaidi ni bora zaidi hujaza pikseli, yaani vidoa vya kamera vinavyopima mwanga, mpaka zinashindwa kupima tofauti yoyote.

Wakati mawingu ya kusi yamefunika anga kwa mabaka, skrini ya tableti au taa ya nyumbani hufaa, ila si kweli kwamba mwanga ukionekana umetulia machoni umetulia pia kwa kamera. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi hupwita mara 100 kila sekunde, na skrini nyingi zikipunguzwa mwanga huwaka na kuzimika kwa kasi. Picha ya sehemu ya 1,000 ya sekunde hunasa kipande kidogo cha mpwito, na nyuma ya kamera utaona mistari ya giza na mwanga imelala kama mistari ya kikoi. Dawa yake ni kuacha skrini iwake kikamilifu, kuifunika kwa karatasi nyeupe kadhaa, na kupiga picha za sekunde moja au zaidi.

Kosa lililonigharimu usiku mzima lilitokana na kuamini kwamba flati zinaweza kupigwa siku yoyote. Niliifungua kamera kutoka kwenye darubini ili kuchaji betri, nikairudisha asubuhi, nikapiga flati safi kabisa. Punje nyingi za vumbi zikatokea mara mbili katika picha ya mwisho, duara la giza na pembeni yake duara linalong'aa, kwa sababu kamera ilikuwa imezunguka kidogo. Kamera, fokasi na ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) visiguswe mpaka picha za nyota na flati zake zote zikamilike.

Wapo pia wanaodhani kwamba flati hupunguzwa kutoka kwenye picha kwa hesabu ya kutoa. Picha hugawanywa kwa flati, na ndiyo maana thamani ambayo kamera huongeza yenyewe kwenye kila pikseli ni lazima iondolewe kwanza. Tuseme katikati pana mwanga wa 1,000 na pembeni 700, uwiano wa 0.7. Ukiacha nyongeza ya 200 ndani ya flati, uwiano huwa 900 kwa 1,200, yaani 0.75, na pembeni hubaki giza la karibu asilimia 7. Fremu 20 au 30 zilizopigwa huku lenzi imefunikwa, kwa muda uleule wa flati, hunasa nyongeza hiyo, nazo zikitolewa kwenye flati humaliza tatizo hilo.

Kwa sababu hiyohiyo ya kugawanya, flati haziondoi wekundu wa taa za bandari ya Kilindini unaopanda kutoka upeo wa macho. Mwanga huo uliingia kupitia lenzi pamoja na ule wa nyota, nao hutolewa kwa hesabu ya kutoa, baada ya flati kufanya kazi yake.