Una kisukari na fizi zinatoa damu? Hiyo inagusa mpaka sukari yako

Ndugu zangu wa Mwanza na visiwani huko Ukerewe mpaka Kome, mwenye kisukari aina ya pili anaambiwaga apunguze ugali, aache soda, ameze metformini na akague miguu, lakini mdomo hauulizwi kabisa. Wakati fizi zikiwa mbovu sukari inaweza kugoma kushuka hata kama dawa unameza vizuri tu.

Iko hivi, ukoga ukikaa kwenye jino unaganda unakuwa ugaga, ule mgumu wa njano au mweusi, alafu unashuka chini ya fizi ambako mswaki haufiki. Bakteria wanajificha humo, fizi inavimba, na kemikali za huo uvimbe zinaingia kwenye damu na kusambaa mwili mzima, sasa hizo ndo zinafanya insulini, ile homoni inayoshusha sukari, ifanye kazi kwa shida. Sukari ikibaki juu nayo inadhoofisha kinga ya fizi, mfupa unaoshika jino unaliwa taratibu. Tena mara nyingi haiumi, ndo maana watu wanachelewa.

Habari njema ni kwamba ukitibiwa fizi sukari nayo inaweza kushuka. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 35 zenye washiriki zaidi ya 3,000, yakaona HbA1c, yani kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3, inashuka kwa wastani wa asilimia 0.43 baada ya miezi 3 hadi 4, kwahiyo aliyekuwa na HbA1c ya asilimia 8.5 anaweza kusogea karibu na 8.1. Kuna utafiti wa Marekani wa 2013 wa watu 514 ambao haukuona mabadiliko, ila ulikosolewa sana kwamba fizi za washiriki bado zilikuwa na uvimbe mwingi hata baada ya matibabu. Kwahiyo kusafishwa juu juu haitoshi, ugaga wa chini ya fizi lazima ukwanguliwe, kwa ganzi ikibidi, na wewe unaweza kuambiwa urudi zaidi ya mara moja.

Kuna wanaosema ukisafishwa meno, yanalegea. Hapana jamani, jino linalotikisika baada ya ugaga kutoka, mfupa wake ulishaliwa kitambo, na hii imani inawapotezea watu meno ambayo yangeokolewa, inauma sana kuona.

Siku ya kwenda kusafishwa, kula na meza dawa zako kama kawaida, mwambie daktari wa meno kama unachoma insulini, na usiache dawa za kisukari eti kwa sababu umeshasafishwa. Sigara na ugoro acha, vinaua fizi. Na ukiwa kliniki ya kisukari, iwe Bugando, Sekou Toure au kituo cha karibu na wewe, usisubiri kuulizwa, sema mwenyewe fizi zinatoa damu uombe rufaa ya meno, alafu baada ya miezi 3 pima tena HbA1c ulinganishe.