Usanifu wa Kikopti: Jinsi Misri Ilivyolipatia Kanisa Umbo Lake

Usanifu wa Kikopti ni namna ya kujenga makanisa na monasteri iliyokua miongoni mwa Wakristo wa Misri tangu karne za mwanzo za Ukristo. Umbo lake halikuamuliwa na imani peke yake, bali pia na udongo, uhaba wa miti, hatari za jangwani na ufundi wa majirani.

Mazingira yanaonekana wazi zaidi kwenye paa. Misri haina misitu ya kutoa mihimili mirefu, na mbao imara ziliagizwa kwa gharama kubwa kutoka nje, ilhali tope la Mto Nile lilikuwa tele. Kwa hiyo waashi walifyatua matofali, wakayakausha juani na kuyafanya matao na kuba. Ufundi huo ni wa kale kuliko Ukristo wenyewe: safu za matofali huinamishwa zikiegemea ukuta wa mwisho, hivyo tao hujengeka bila kiunzi cha mbao cha kulishikilia, kama yanavyoonyesha hadi leo maghala ya Ramesseum, hekalu la Farao Ramses wa Pili, yaliyojengwa zaidi ya miaka 1,200 kabla ya Kristo. Kuta nene nazo huzuia joto la mchana.

Urithi wa mafarao unaonekana pia karibu na mji wa Sohag, kusini mwa Misri, katika Monasteri Nyeupe ya karne ya 5, ambayo kuta zake za mawe ya chokaa zimeinama kidogo kwa ndani na kumalizikia juu kwa ukingo uliopinda, hata mtazamaji wa mbali angeweza kudhani ni hekalu la kale.

Katika Wadi Natrun, bonde la jangwani kaskazini-magharibi mwa Kairo lenye monasteri, jambo kuu lilikuwa usalama. Wamonaki walioshambuliwa mara kwa mara walijenga ndani ya kuta zao mnara wa ngome, wenye mlango wa ghorofani uliofikiwa kwa daraja la kuinuliwa, na humo wakaweka ghala na kanisa dogo.

Ibada nayo ina masharti yake: madhabahu huelekea mashariki, na kiambaza hutenga patakatifu na waumini. Hata hivyo, katika makanisa ya Kairo ya Kale viambaza hivyo vya mbao vimenakshiwa kwa pembe za ndovu, kwa maumbo ya nyota yanayofanana na yale ya mimbari za misikiti ya mji huohuo. Ni msalaba uliotiwa kati ya nakshi unaoonyesha kwamba kazi ile ni ya kanisa.