Santuri ni ipi: kinacholia au kinachozunguka?

Juzi Ngamiani, hapa Tanga, kwenye kahawa, mzee mmoja alisema bado anazo sahani nne za santuri za marehemu baba yake. Kijana aliyekuwa akichezea simu akamkata kauli: "Babu, santuri ndiyo sahani yenyewe. Hapo umerudia neno." Watu wakacheka. Naye, kwa kuwa mtu akishachekewa hanyamazi, akaongeza kwamba santuri ilivumbuliwa na Edison mwaka 1877. Mzee hakujibu, akaagiza kashata. Mimi nimeshindwa kunyamaza, maana hii si mara ya kwanza wala ya tatu kuyasikia hayo.

Maana kwa ufupi: siku hizi santuri ni kile kisahani chenye mfereji mwembamba wa sauti, kinachozungushwa chini ya sindano. Hilo silikatai. Nakataa kudhani kwamba ndivyo lilivyoanza.

Kwa Waajemi na Waarabu, santuri ni chombo cha nyuzi nyingi zilizotandazwa juu ya ubao, hugongwa kwa vijiti viwili vyepesi. Wajuzi wa lugha hulifuata neno hilo nyuma zaidi, hadi kwa Wayunani, waliokuwa na chombo chao cha nyuzi, psalterion. Aliye na Biblia ya Kiswahili afungue Danieli sura ya 3: kwenye orodha ya vyombo vya Nebukadneza, pamoja na zeze na kinubi, santuri imo. Sijamsikia mtu akidai mfalme wa Babeli alikuwa na gramafoni.

Lilipofika pwani sanduku linalolia lenyewe, yaani gramafoni, watu hawakuhangaika kulitafutia jina. Ni chombo cha muziki, santuri. Kwa hiyo aliyepiga santuri alipiga mashine: aliitia ufunguo kama saa ya ukutani, akashusha mkono wenye sindano, sauti ikatoka kwenye pembe. Kile kilichowekwa juu yake kilitaka jina lake, nacho kilikuwa bapa na cha mviringo. Sahani ya santuri. Hapo pamerudiwa nini? Ni kama ufunguo wa mlango. Baadaye mashine ikazoea majina mengine, na jina la zamani likabaki kwa sahani peke yake.

Na sahani si ya Edison. Fonografu yake ya 1877 ilikuwa na silinda iliyozungushiwa karatasi ya bati, sindano ikichimba sauti juu yake. Ilikuwa na faida moja ambayo gramafoni haikuwa nayo: iliweza kunasa sauti na kuirudisha, mashine ile ile. Aliyeleta sahani ni Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, na hataza yake ya gramafoni ni ya 1887. Tofauti si umbo tu. Sahani moja mama ilitoa kalibu, na kalibu ikagonga nakala kwa maelfu, kama vitumbua. Silinda kwa miaka mingi hazikuwezekana kugongwa hivyo. Ndiyo maana biashara ya nyimbo ilienda na sahani.

Ndiyo maana pia Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi, sauti yake iliweza kurudi ikiwa nakala nyingi na kuingia majumbani mwa watu ambao hawakupata kumwona. Wasifu wake ameuandika Shaaban Robert, mtu wetu wa Vibambani.

Niseme na hili, ingawa si ugomvi wa leo: sahani za enzi hiyo hazikuwa plastiki. Zilitengenezwa kwa utomvu wa mdudu wa India, ule ule uliotiwa katika lakiri ya kufungia barua, ukachanganywa na unga wa mawe. Zilizunguka kama mara 78 kwa dakika, upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ukachukua dakika tatu hivi, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa au uligeuziwa upande wa pili. Ukiiangusha, umeivunja. Zile ndogo za plastiki, za mizunguko 45, zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1949, na ndizo za zama za vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star hapa Tanga.

Basi, mwanangu, ukipenda kuiita sahani santuri, iite. Nami huiita hivyo nikiwa na haraka. Ila Edison mwachie silinda yake. Na yule babu, ukimkuta tena kahawani, muulize zile nne ni za lakiri au za plastiki. Nadhani atakupeleka kwake ukazione.